Chakula cha kubeba na kupika ukienda kulala kwenye tenti Kilifi mwaka mpya

Kila ikifika katikati ya Disemba binamu zangu wa Nairobi wanaanza kunipigia simu, na swali ni lile lile, "tunashuka Kilifi, tubebe chakula gani?", namjibu huyu, namjibu yule, kesho yake anapiga wa tatu. Mwaka huu nimeamua kuandika yote pamoja, atakayeuliza nitamtumia hii alafu nirudi zangu kulala.

Kama hujawahi kufika, Kilifi iko kama kilomita 60 kaskazini ya Mombasa, na siku za kufunga mwaka watu wanajaa huko kucheza muziki chini ya mibuyu, siku tatu nne mfululizo, wengi wanapiga tenti hapo hapo. Muziki utakuwa sawa tu. Mie naongelea tumbo. Manake Disemba huku ni kaskazi, saa nne asubuhi jua tayari linachoma, mchana inafika digrii 31 au 32, usiku ikishuka sana ni 24, na ndani ya tenti iliyofungwa usiniulize. Kwa hivo kabla hujapenda chakula chochote jiulize kwanza, hiki saa nane mchana kitakuwa katika hali gani?

Vibanda vya chakula vipo, njaa haitakuua. Lakini foleni ya saa tatu usiku unaijua, na ukila huko asubuhi mchana jioni watu wanne siku tatu, pesa iliyobaki ni ya kurudi na matatu umesimama. Sisi tunakula kibandani mara moja kwa siku kwa raha zetu, mengine tunajipikia.

Sasa nikwambie nilivyojifunza. Mara yangu ya kwanza nilijiona mjanja sana, nikapika pilau sufuria nzima nyumbani, nikaifunga na leso mbili ili ikae moto, nikaibeba mapajani kutoka Mombasa mpaka Kilifi kama mtoto. Usiku ule tukala, tamu, sifa zote zangu. Iliyobaki nikaifunika tena na leso zile zile. Kesho yake saa sita mchana nafungua, kijiko kinatoka na nyuzi kama bamia, na ile harufu ya kuchacha imeshaanza. Mimi nikasema tumwage. Binamu mmoja akasema ah, hizo ni bizari tu, akala sahani nzima na ndizi juu. Saa sita usiku watu wote wanahesabu kumi, tisa, nane, yeye yuko kwenye foleni ya choo na leso yangu begani.

Wali ndio mbaya kuliko watu wanavyofikiria. Kuna vijidudu mbegu zake hazifi ata ukichemsha, wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinatoa sumu, na hiyo sumu ukipasha moto haitoki. Kwa hivo ule mtindo wa "nitaupasha vizuri" hausaidii kitu. Chakula kilichopikwa cha majimaji kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na joto likipita digrii 32 basi lisaa limoja tu. Na nazi ndio usiseme, chochote cha tui kwa joto la Kilifi kinachacha kabla ya adhuhuri.

Basi sheria yangu ni moja. Vikavu vipike nyumbani, vya maji vigandishe, na ukifika kwenye tenti kazi yako iwe kuchemsha na kupasha. Kitu kinachotaka zaidi ya dakika 20 motoni kisiingie kwenye gari.

Jiko

Watu wa Nairobi wanakuja na meko, ule mtungi wa kilo 6 na bana juu. Sawa, unapika vizuri, lakini huo mtungi ukijumlisha na chuma chake unapita kilo 12, na kutoka unapoegesha gari mpaka unapolala ni kutembea kwenye mchanga. Ukiwa kikundi cha watu wanane na kuna kijana mwenye mabega, beba. Sisi wanne tunatumia jiko dogo la kopo, yale makopo marefu yanafanana na ya dawa ya mbu, kopo moja langu linakwenda kama lisaa limoja na nusu moto ukiwa wa wastani. Makopo matatu yanatosha siku tatu na chai za bure kwa majirani.

Vitu viwili kuhusu hili jiko. Upepo wa kaskazi unaulaza moto upande mmoja, maji hayachemki ng'o, unabaki unachoma gesi tu, kwa hivo weka kizuizi upande upepo unakotoka, sinia lililosimamishwa linatosha kabisa. Usilizungushie pande zote, na usiweke sufuria pana mpaka ikafunika lile kopo la pembeni, manake joto linarudi chini linapasha kopo lenyewe na hapo unacheza na bomu. Cha pili, soma sheria za tiketi yako kabla ya kubeba kitu chochote cha moto, kuna sehemu hawataki moto kabisa kwenye tenti, wanakuwekea eneo la kupikia, na chupa za glasi mara nyingi zinabaki getini.

Makaa yakiruhusiwa, jiko la makaa ni tamu kwa nyama. Lakini liwe nje, na libaki nje. Usiliingize ndani ya tenti ati kuna mvua, ati kuna mbu, ati yamebaki majivu tu. Ile hewa ya makaa haina harufu wala haikohozi mtu, unalala huamki. Hapa sifanyi mzaha.

Kulaboksi na barafu

Usinunue vile vijiwe vya barafu vinavyoyeyuka mnapopita Mtwapa. Siku mbili kabla ya safari chukua chupa za maji za lita moja na nusu, punguza maji kidogo manake yakiganda yanavimba, zitie kwenye friza. Nne au tano. Hizo ndio barafu zako, na zikiyeyuka ni maji baridi ya kunywa, hakuna kilichopotea. Alafu na chakula chenyewe kiingie kikiwa kimeganda kama jiwe, nyama imeganda, mbaazi zimeganda, kila kitu kinampoza mwenzake. Panga kwa siku, cha siku ya tatu chini kabisa, cha leo juu, ili usifukue fukue. Kulaboksi inakaa kwenye kivuli, na kivuli kinatembea, hilo watu wanasahau, asubuhi umeiweka chini ya mbuyu vizuri, saa tisa inakaangwa na jua. Mpe mtu mmoja kazi ya kuisogeza. Vinywaji tafuta ndoo nyingine, manake bia na soda zinafunguliwa kila dakika tano na mbaazi zako zitalipia huo mlango.

Na mifuko, Kenya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, kwa hivo wewe unayetoka Tanga au Dar kuja kucheza muziki usije na rundo la mifuko mpakani. Leta vikapu na vyombo vya mfuniko. Kikapu cha ukili ndio bora, mboga zinapumua.

Cha kubeba tayari kimepikwa

Mahamri. Pika jioni ya kabla ya safari, iliki ya kutosha, yaache yapoe KABISA kabla ya kufunika, yakifunikwa ya moto yanatoa jasho na kesho kutwa yana koga. Yakipoa yatie kwenye chombo kilichotandikwa kitambaa kikavu, yanafika siku ya pili bila shida, ya tatu yameanza kuwa magumu lakini ukichovya kwa chai nani atajua.

Chapati nazo hivo hivo, ila zisiwe na mafuta ya kudondoka. Zipake kidogo, zipoze, zikunje kwenye foili nne nne, ukifungua bunda moja mengine yamebaki salama. Hizi chapati ndio nguzo ya kambi nzima, nitarudi kwake.

Vya kutafuna beba vingi kuliko unavyodhani: krisps za muhogo zile za barabarani zenye pilipili na ndimu, njugu, korosho, tende, kashata, visheti, mabuyu. Saa kumi alfajiri unarudi kutoka kwenye muziki hakuna anayewasha jiko, mkono unaingia kwenye kikapu gizani unatoa chochote. Tende tatu na gilasi ya maji inakulaza vizuri tu.

Maembe ni msimu wake, usiyabebe kutoka Nairobi jamani nawaomba, njiani yatapondeka na huku yamejaa. Nunua Kongowea ukipita Mombasa, au sokoni Kilifi mjini, boribo au ngowe, chukua mengine yameiva na mengine magumu bado ili yaive kwa zamu. Ndimu pia nunua huku. Ndimu dazeni nzima, utaona zinaenda wapi.

Samaki mkavu, papa, ng'onda, naipenda kama mtu yeyote wa Pwani, lakini tenti ni kitambaa. Hiyo harufu itakaa na nyinyi mpaka Pasaka, na jirani wa tenti ya pili hajakukosea kitu.

Mayai ni kitu kingine watu wanakosea. Wanachemsha dazeni nyumbani wakidhani yatadumu. Ni kinyume. Yai bichi lina ulinzi wake kwenye ganda, dukani kwetu yanakaa rafu wiki bila friji, lakini likishachemshwa ule ulinzi umekwenda, kwenye joto linaharibika haraka. Beba mabichi. Yazike kwenye chombo cha unga au mchele mkavu, moja moja, hayavunjiki ata barabara ikiwa mbovu. Yachemshe huko siku ya kula.

Jioni ya kwanza: mishkaki

Siku ya kufika ndio siku pekee ya nyama. Nyumbani kata nyama ya steki vipande vidogo, tia tangawizi na thomu zilizotwangwa, papai bichi lililokunwa kijiko kimoja tu (zaidi ya hapo nyama inakuwa uji), chumvi, pilipili manga, ndimu, mafuta kidogo. Igandishe ikiwa imelala bapa kwenye chombo, si donge, ikilala bapa inayeyuka sawa sawa. Ukitoka Mombasa asubuhi, mpaka unapiga tenti na kugombana kuhusu kamba, jioni itakuwa imelegea lakini bado baridi, hapo ndio vizuri. Itunge kwenye vijiti vya chuma, vile vya mbao vinataka kulowekwa na huko nani ana muda.

Kwenye makaa ni dakika nane mpaka kumi ukigeuza. Kama makaa hayaruhusiwi, itie kwenye kikaango bila vijiti, moto mkali, isirundikane, kaanga nusu nusu. Ikirundikana inatoa maji unakula nyama ya kuchemsha. Chapati ya kwanza ifunguliwe hapo, kachumbari ya tungule na kitunguu, ndimu, pilipili mbichi. Nyama isiyoisha usiku huo isiwekwe. Iite tenti ya jirani. Ndio namna ya kupata marafiki wa kukulindia vitu siku tatu zote.

Asubuhi ya pili: mbaazi na mahamri

Hii ndio naringia, manake watu wanaona nimefungua mbaazi za nazi chini ya mbuyu wanadhani nina jini. Ujanja uko nyumbani. Mbaazi zichemshe mpaka ziive kabisa na chumvi tu, bila nazi, zichuje zibaki na maji kidogo, zipoze, zigandishe kwenye chombo. Zinasafiri kama barafu. Kitunguu, pilipili mbichi na bizari ya manjano vinakwenda vibichi. Asubuhi zimeshayeyuka nusu, unazitia kwenye sufuria na kitunguu, bizari na maji kikombe kimoja, zikichemka vizuri unakoroga tui la unga la pakiti kwenye maji vuguvugu unamimina, unakoroga pole pole upande mmoja, dakika tano, zima. Tui linaingia mwisho na linaliwa lote, hakuna kuweka. Dakika kumi na tano jumla.

Harufu ya ile nazi ikipanda utaona vichwa vinatoka kwenye tenti kimoja kimoja kama kobe.

Na hapo ndio ulinde mahamri. Kunguru wa Pwani hawana aibu, wanakaa juu ya mti wanakuangalia, ukigeuka kuchukua chai mmoja anashuka na andazi zima. Tumbili nao sehemu zenye miti wapo, wale wanafungua ata zipu. Chakula kikae ndani ya chombo kigumu chenye kufunga, chombo ndani ya gari au chini ya kitu kizito. Sisimizi ni rahisi, weka miguu ya meza kwenye vikopo vya maji, au ning'iniza kikapu kwenye kamba.

Mchana

Mchana usipike. Kweli. Jua la saa saba na jiko mbele yako ni adhabu, na mwenyewe hauna njaa ya moto. Embe na chumvi na pilipili, njugu, tango, mkate na siagi ya njugu, kopo la tuna na ndimu na kitunguu ndani ya chapati. Kopo la samaki likifunguliwa linaliwa likaisha, sheria ile ile ya nazi.

Na unywe. Mimi hesabu yangu ni lita 5 kwa mtu kwa siku, tatu za kunywa na mbili za chai, kupika na kuosha, yani dumu la lita 20 ni siku moja ya watu wanne. Unga wa ubuyu ukikoroga kwenye chupa ya maji na sukari kidogo unapata kinywaji cha uchachu kinachoshuka vizuri kuliko soda. Mtu akicheza juani mpaka akazubaa, au tumbo likimharibikia kama yule binamu yangu, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo, koroga, anywe kidogo kidogo. Usizidishe chumvi ukidhani ndio dawa. Akiendelea kutapika au kuna damu, mpeleke kwa watu wa huduma ya kwanza, hayo si ya binamu kujadili.

Jioni: sufuria moja tu

Jioni ya pili na ya tatu tunazungusha kati ya vitu viwili.

Cha kwanza ni dengu nyekundu, zile ndogo zilizokobolewa, wengine wanaziita adesi. Siongelei pojo, pojo mpaka ziive zinamaliza gesi nzima. Hizi nyekundu hazilowekwi na zinaiva dakika 15 mpaka 20. Kaanga kitunguu kimoja na thomu mpaka vianze kuwa rangi ya dhahabu, tia tungule mbili zilizokatwa, bizari nyembamba na ya manjano, zikishavunjika tia dengu kikombe kimoja, maji vikombe vitatu, chumvi. Funika, moto mdogo, koroga kila baada ya muda manake chini zinashika. Zima, kamua ndimu, tupia dania. Watu wanne na chapati wameshiba. Hizi bizari zipime nyumbani uzitie pamoja kwenye kikaratasi cha kila siku, umekunja umeandika juu, usibebe makopo kumi.

Cha pili ni tambi za sukari, hii ilikuwa ya futari kwetu na sijui kwa nini watu hawaifikirii kambini. Tambi nyembamba gramu 200, zivunje vunje. Samli vijiko viwili vikubwa kwenye sufuria, zikaange tambi moto mdogo bila kuacha kugeuza, hapa usishike simu, zinakuwa dhahabu na sekunde 20 baadaye ni nyeusi. Maji vikombe viwili, sukari vijiko vinne vikubwa, iliki, zabibu, chumvi chembe. Funika mpaka maji yakauke, dakika saba nane hivi. Ukitaka tia vijiko viwili vya unga wa tui pale mwisho. Inaliwa moto, inaliwa baridi, ukiimaliza saa mbili usiku unacheza mpaka alfajiri.

Indomie zipo, sizidharau, zibebe kama akiba, ila vunja yai ndani na utie kabeji iliyokatwa nyembamba isiwe chumvi tupu.

Sima acha. Najua kuna watu bila sima hawajala, lakini jiko la kopo linayumba ukisonga, na ule ukoko unataka maji lita tatu kuosha. Sima utakula nyumbani.

Asubuhi ya tarehe 1

Hii ndio mlo muhimu kuliko yote na ndio watu hawauandai. Usiku wa mwaka mpya kila mtu anaupangia, asubuhi yake vibanda vingine bado vimefunga, vilivyofungua vina foleni ya watu wenye miwani ya jua, na wewe kichwa kinagonga. Kwa hivo weka kando tangu mwanzo, mayai sita na chapati nne, andika jina lako juu ya foili ikibidi.

Ni rolex tu. Mwaka mmoja tulikwenda Jinja kwenye Nyege Nyege, lile tamasha la Uganda lililoanza 2015 kando ya Nile, na pale kila hatua kumi kuna kijana na kikaango bapa anakukunjia chapati na mayai, nikasimama nikamtazama mmoja mpaka akaniuliza kama nataka kazi. Yeye alipiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, kabeji nyembamba kama nywele, kitunguu, tungule, chumvi, akapiga na uma mpaka povu. Mafuta kidogo, akamimina akatandaza duara sawa na chapati. Yai likiwa bado bichi juu, akalaza chapati pale juu akabonyeza na kiganja, ikagandana. Akageuza, chapati ikapata moto chini nusu dakika, akakunja. Hapo bichi juu ndio siri, ukingoja yai liive ndio utie chapati havishikani, unakula vitu viwili tofauti.

Pembeni chai ya mkandaa na tangawizi iliyopondwa, si maziwa, tumbo la asubuhi hiyo halitaki maziwa. Kama una chupa ya chai, jaza maji ya moto usiku kabla ya kwenda kucheza, asubuhi bado yana joto na jiko linachemsha kwa dakika mbili tu. Asiyeweza kutafuna mpe rojo la dengu za jana? Hapana! Za jana zilimwagwa. Mpikie mpya, kikombe nusu cha dengu, maji mengi, ndimu mbili, pilipili ya kuwasha kiasi. Anatoka jasho, anarudi duniani.

Kuosha na kuondoka

Beba makumbi ya nazi mkono mmoja, yanasugua sufuria kuliko sponji na hayanuki. Futa kwanza mafuta na kipande cha chapati au karatasi, alafu maji kidogo na sabuni, alafu suuza mara moja. Maji machafu usimwage karibu na tenti, utaita nzi na sisimizi mpaka kwenye mto wako. Mabaki na makopo yarudi na wewe kwenye gunia, chini ya ile mibuyu watu wanaishi mwaka mzima.

Unga, chumvi, sukari na mafuta yaliyobaki wapo watu wa hapo hapo watashukuru, uliza walinzi au mama wa kibandani kabla hujayatupa. Ila makopo ya gesi yasiyoisha yahesabu mwenyewe. Usiyaache ndani ya gari limefungwa juani wakati mnazunguka kuagana na watu, gari Kilifi saa saba mchana ni oveni. Yabaki kwenye kivuli mpaka dakika ya mwisho, yaingie ukiwa umeshawasha gari na madirisha yako wazi, na jiko liwe limepoa, si "limepoa poa", gusa na mkono.